Redio zetu za Kasese na Bwera: nani anasema, nani analipa, nani anasikiliza



Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa wilaya ya Kasese gazeti halifiki, lakini redio ipo. Kama haiko mezani, imo ndani ya simu. Kama haimo katika simu, iko kwa jirani, na sauti ya jirani haina mlango. Mwenye zamu ya usiku katika kiwanda cha saruji cha Hima, mpalilia pamba wa Nyakatonzi, mchimba chumvi wa Katwe na mama anayeuza samaki Mpondwe, wote hupata mambo ya dunia kwa njia hiyo. Kwa hiyo tumeona vema kuzipima redio zetu kama mkulima anavyolipima jembe dukani kabla ya kutoa fedha yake.

Hatuandiki ili kumsifu mwenye kituo huyu na kumchafua yule. Tunauliza maswali matatu tu. Nani anailipia saa ile ya kipindi? Kinasemwa kwa lugha ya nani? Na mfanyakazi akiwa na neno lake, litaingiaje humo? Kituo chochote kikipimwa kwa maswali hayo huonekana kilivyo, hata kama nyimbo zake ni tamu.

TULIKOTOKA

Wazee wetu waliochimba shaba Kilembe, mgodi ulioanza kazi mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, walikuta redio ni mali ya mtu mmoja na masikio ya wengi. Betri ilikuwa ghali. Redio ilifunguliwa saa ya habari, ikafungwa, ikafunikwa kitambaa. Redio ya kwanza ya bei ya chini kwa Waafrika ilitoka katika nchi nyingine ya shaba, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mwaka 1949. Watu waliiita sufuria, kwa kuwa umbo lake lilikuwa la sufuria kweli, nayo ilikwenda kwa betri kavu.

Hapa Uganda kituo kilikuwa kimoja tu, cha serikali, kilichoanza katika miaka ya 1950 chini ya Waingereza. Aliyekishika ndiye aliyesikika. Tarehe 25 Januari 1971 askari walitangaza humo kwamba Obote ameondolewa na Amin ameshika nchi. Tarehe 11 Aprili 1979 ikatangazwa humo humo kwamba utawala wa Amin umeanguka. Katika miezi ya vita ile watu wengi walifunga mlango na kupunguza sauti ili wasikie Radio Tanzania Dar es Salaam inasemaje. Hapo walijifunza somo ambalo linafaa hata leo: habari ya upande mmoja ni nusu ya habari.

Mlango wa redio za watu binafsi ulifunguliwa mwishoni mwa mwaka 1993, Sanyu na Capital zilipoanza Kampala. Kisha zikaenea mikoani mpaka zikafika kwetu. Leo majina kama Guide, Messiah na Ngeya yanajulikana na kila msikilizaji wa Kasese. Vituo vimekuwa vingi. Lakini wingi wa vituo si wingi wa habari, na hilo ndilo tutakaloonyesha.

REDIO YA SERIKALI

Mwaka 2005 Radio Uganda na televisheni ya serikali ziliunganishwa zikawa shirika moja, UBC. Shirika hili lina sauti ya taifa kutoka Kampala, na lina vituo vya mikoani. Ngeya ni kituo chake cha huku kwetu.

Habari za taifa hupikwa Kampala. Mwandishi huandika kwa Kiingereza, mhariri hukata, kisha wafasiri huigeuza kwa lugha za nchi. Katika safari hiyo habari hupungua uzito. Bei ya pamba iliyopangwa ofisini hufika kwetu, lakini swali la mpalilia pamba halipandi kurudi kule. Faida ya redio hii ni kwamba haitegemei tangazo la sabuni ili isome habari, na hutoa nafasi kwa lugha ambazo mfanyabiashara angeona hazina faida. Udhaifu wake ni kwamba anayelipa ni serikali, na mara chache utamsikia mtangazaji wake akimbana mkubwa wa serikali mpaka atoke jasho.

Tusidharau jambo la lugha. Wakonzo na Waamba walipopinga utawala wa ufalme wa Toro mwaka 1962, mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa lugha: watoto walisomeshwa kwa Kitoro, na lugha ya nyumbani ikahesabiwa si kitu. Mtu wa Kitholhu akisikia habari za nchi zinasomwa kwa Lhukonzo, hasikii habari tu. Anasikia kwamba na yeye amehesabiwa.

REDIO ZA BIASHARA NA ZA DINI

Redio ya mtu binafsi ni duka. Bidhaa yake ni saa. Asubuhi huuza dakika za matangazo kwa wenye maduka, mchana huuza matangazo ya vifo na mikutano, jioni huuza mjadala, na Jumapili huuza ibada. Mganga wa mitishamba hununua nusu saa, mhubiri hununua saa nzima, na wakati wa uchaguzi mgombea mwenye fedha hununua wiki. Redio iliyoanzishwa na watu wa dini nayo hulipa umeme kama nyingine, kwa hiyo sadaka peke yake haitoshi, nayo huuza.

Hatusemi kuuza ni dhambi. Mlingoti unahitaji umeme, umeme ukikatika jenereta linahitaji dizeli, na leseni ina ada yake. Tunachosema ni kwamba msikilizaji ajue. Ukisikia mtu anasifu kampuni kwa saa nzima, tena hakuna anayemuuliza swali, usifikiri ni habari. Hiyo ni saa iliyonunuliwa.

Ndani ya duka hili limo jambo moja ambalo redio ya Kampala haliwezi, nalo ni tangazo la msiba. Kibarua aliye Hima, ambaye nyumbani kwao ni Karambi, hupata habari ya kifo cha shangazi yake saa ya mchana, jina la kijiji likitajwa, saa ya maziko ikitajwa, na majina ya jamaa wanaoarifiwa yakisomwa moja moja. Wapo wanaofungua redio kwa saa hiyo tu. Mwenye kituo anajua, ndiyo maana matangazo ya sukari na simu hupangwa mbele na nyuma ya matangazo ya vifo. Masikio yetu ndiyo anayomuuzia mwenye sukari. Basi na sisi tuna thamani katika biashara hiyo, na mwenye thamani ana haki ya kudai.

SPIKA ZA JUU YA MLINGOTI

Katika senta zetu za biashara ipo redio nyingine isiyo redio. Mtu mmoja husimika mti mrefu, hufunga spika mbili tatu juu yake, na chini huweka kipaza sauti katika chumba kidogo. Kwa shilingi chache atakutangazia mbuzi aliyepotea, kitambulisho kilichookotwa, mkutano wa chama cha akiba. Haihitaji msikilizaji awe na redio wala betri. Sauti yake inaishia pale upepo unapoishia, lakini kwa jambo la senta moja hakuna kituo kinachoishinda kwa haraka. Mwenye spika unamjua, mlango wake unaujua, na akitangaza uongo utampata hapo hapo kesho yake.

SAUTI ZA MBALI NA ZA NG'AMBO

Aliye Bwera ana bahati ambayo aliye Kampala hana. Ng'ambo ya daraja la Mpondwe ni Kasindi, kisha Beni na Butembo, na watu wa huko husema lugha ileile tuliyozaliwa nayo, wao wakiiita Kinande. Sauti za Kongo huvuka mto bila pasi. Mashuhuri kati yake ni Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi. Husema Kifaransa na lugha nne za Kongo, na Kiswahili kimo. Ilianzishwa wakati nchi ile imegawanyika mikononi mwa majeshi, ili mtu wa upande huu asikie kilichotokea upande ule.

Ziko tena idhaa za Kiswahili za nchi za mbali: ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Ujerumani mwaka 1963, ya Ufaransa mwaka 2010. Idhaa hizi hulipiwa na nchi zao, na nchi hailipi bure. Lakini kwa kuwa hazimwogopi mkuu wa wilaya yetu, huweza kusema lile ambalo kituo cha jirani kinalimeza. Dosari yake ni kwamba hazijui bei ya kahawa Kyarumba wala jina la nyapara wako. Ukitaka kujua vita vimefika wapi Kongo, zisikilize. Ukitaka kujua kwa nini mizani ya kahawa imepungua, hazitakusaidia.

MLIMA UNAVYOKATA SAUTI

Wengi huuliza kwa nini kituo kinachosikika vizuri mjini Kasese hupotea ukipanda bonde moja tu. Sababu ni hii. Mawimbi ya FM huenda sawasawa kama mwanga wa tochi. Mlima Rwenzori ukikaa kati ya mlingoti na wewe, umekaa gizani. Ndiyo maana milingoti hupandishwa juu ya vilima, na ndiyo maana mtu wa bondeni huweza kupata kituo cha mbali kilicho wazi mbele yake akakosa kile kilicho nyuma ya kilima chake.

Mawimbi mafupi yana tabia nyingine. Hupanda juu, yakagonga tabaka la anga, yakarudi chini mbali sana. Hayo ndiyo yaliyoleta Dar es Salaam na London mpaka Kilembe wakati wa wazee wetu. Sauti yake ilipanda na kushuka kama mtumbwi, lakini mlima haukuizuia. Leo redio nyingi ndogo na simu hazina mawimbi mafupi. Tumepata sauti safi ya karibu, tukapoteza sauti chafu ya mbali.

HABARI INAVYOPIKWA

Tuingie jikoni. Kituo kidogo kina watangazaji wachache, mtu mmoja wa mitambo, na waandishi wa mikoani ambao wengi wao hawana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kila habari inayosomwa. Mwandishi hurekodi kwa simu yake, hukata maneno kwa kompyuta mpaka yabaki dakika moja au mbili, huandika sentensi za kuanzia, hupeleka. Nauli ni yake na muda wa simu ni wake. Habari isiposomwa, amekula hasara.

Fikiri sasa. Mwajiri mkubwa akifungua kisima, humtumia mwandishi gari, humpa chakula na kile kinachoitwa fedha ya usafiri. Vibarua ishirini wakifukuzwa bila malipo katika shamba la ndani kabisa, mwandishi atafikaje? Na akifika, na mwenye shamba ni mteja wa matangazo wa kituo, nani atakubali habari isomwe? Kwa namna hiyo kisima husikika wilaya nzima na vibarua husikika kwa wake zao tu. Hakuna aliyetoa amri ya kuwanyamazisha. Hesabu ya nauli imetosha.

Tukumbuke kwamba mtangazaji naye ni mfanyakazi. Sauti yake ni kubwa hewani, lakini wengi hufanya kazi bila mkataba, na wengine hulipwa kwa asilimia ya matangazo waliyoyatafuta wenyewe. Serikali ilipofunga redio ya CBS ya Buganda Septemba 2009, wafanyakazi wake walikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kituo, mpaka Oktoba 2010. Wakati huohuo mijadala ya hadhara iliyorushwa hewani kutoka uwanjani, ambayo watu waliiita ebimeeza, ilipigwa marufuku, na mwananchi wa kawaida akapoteza kiti alichokuwa amekipata.

Ng'ambo ya mpaka bei imekuwa kubwa zaidi. Novemba 2019 Papy Mumbere Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijamii ya Lwemba katika Ituri, aliuawa nyumbani kwake. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu habari za Ebola. Tunapomlaumu mtangazaji kwa woga, tumhesabie na hayo.

SIKU YA HATARI

Redio huonekana thamani yake siku ya hatari. Tarehe 1 Mei 2013, sikukuu yetu wafanyakazi, mto Nyamwamba ulifurika ukaua watu na kubomoa nyumba za Kilembe na Kasese. Mei 2020 ulirudi, pamoja na mito mingine ya mlima, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Tarehe 7 Septemba 2022 ardhi iliporomoka usiku katika kijiji cha Kasika, Rukoki, ikafukia watu zaidi ya kumi, akina mama na watoto wengi.

Maji ya mlima hayangoji habari ya saa moja. Kampala haiwezi kujua kwamba mvua kubwa inanyesha juu ya Kilembe saa nane za usiku. Kituo kilicho karibu kinaweza kujua, lakini vituo vingi vidogo saa hizo havina mtu. Kompyuta imeachwa inapiga nyimbo mpaka alfajiri. Mtu wa juu akipiga simu, inalia katika chumba kitupu, na mtu wa chini anaendelea kulala akisikiliza muziki. Hapa hatuzungumzi tena habari ya ladha ya vipindi. Tunazungumza uhai.

Bwera imefundisha somo jingine. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake alikutwa na Ebola katika hospitali ya Bwera, naye akafariki. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, watu wa nchi mbili huchanganyika kama maji. Katika hali kama hiyo tangazo la Kiingereza ni karatasi tu. Linalofaa ni sauti inayojulikana, kwa lugha ya nyumbani, inayosema nawa mikono, usimfiche mgonjwa, usioshe maiti. Tena isikike pande zote mbili za daraja kwa maneno yaleyale, kwa kuwa pande mbili zikisema maneno mawili watu hawaamini hata moja.

SAA AMBAYO HATUNA

Sasa tuhesabu. Mganga ana saa yake. Mhubiri ana saa yake. Serikali ina saa yake, tena bila malipo, kwa kuwa vituo vya binafsi hutakiwa vitoe muda wa bure kwa maofisa kueleza kazi za serikali. Mpira wa Uingereza una saa zake, na vijana wetu wanajua mshahara wa mchezaji wa Arsenal kuliko haki ya kibarua wa Mubuku.

Kanuni za Ajira za mwaka 2011 ziliandika kwamba mtu asiajiriwe kwa kibarua zaidi ya miezi minne. Ni wangapi kati yetu waliosikia hilo kutoka redioni kwa Lhukonzo, Kitoro au Kiswahili? Kima cha chini cha mshahara kinachotajwa mpaka leo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Fedha hiyo leo hainunui kilo moja ya nyama. Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kima kipya, na Rais akakataa kutia saini. Jambo kubwa namna hiyo lilipita katika vituo vingi kama upepo, kati ya wimbo na wimbo. Si kwa sababu watangazaji wanatuchukia. Ni kwa sababu hakuna aliyeilipia saa, na hakuna msikilizaji aliyepiga simu kuidai.

LA KUFANYA

Kwanza, usiamini jambo zito kwa kituo kimoja. Sikiliza cha karibu na cha mbali, kisha ulinganishe. Panapotofautiana ndipo pa kuuliza.

Pili, kila tawi lichague mtu wa kuandika habari vizuri: nini kimetokea, wapi, tarehe gani, watu wangapi, mwajiri anajibu nini. Mwandishi akipewa karatasi kama hiyo, na watu watatu walio tayari kusema kwa sauti zao, nusu ya nauli yake imekwisha kulipwa. Tusimpe bahasha. Tukimnunua sisi leo, mwajiri atamnunua kesho kwa bei kubwa zaidi.

Tatu, piga simu. Kipindi cha mjadala hupimwa kwa simu zinazoingia. Wafanyakazi kumi wakiuliza juu ya miezi minne katika wiki moja, wiki ya pili mtangazaji atamtafuta ofisa wa kazi aje ajibu.

Nne, matawi ya Hima, Kasese na Bwera yachange kwa pamoja yanunue nusu saa kwa mwezi, jioni baada ya zamu, kwa Lhukonzo na Kiswahili. Tawi moja haliwezi. Matawi matatu yanaweza, kama kila mwanachama atatoa kidogo na hesabu ikasomwa mbele ya wote.

Tano, na hili lisingoje mchango: tuviombe vituo vya Kasese, pamoja na wakuu wa wilaya, viwe na namba moja ya simu inayopokelewa usiku kucha wakati wa mvua, na mtu mwenye ruhusa ya kukata muziki. Wanachama wetu wanaoishi juu Kilembe wako tayari kupiga simu. Kinachotakiwa ni mtu wa kuipokea.

Makatibu wa matawi walete majibu ya wanachama juu ya mambo haya matano katika mkutano ujao: kituo gani kinasikika kwao, saa ngapi wanasikiliza, na kila mwanachama anaweza kuchanga kiasi gani.